Siku Kijerumani Changu Kilipokemewa

Niliingia Idara ya Kijerumani kwa sababu ya mvua. Siku ya kujiandikisha chuoni, mimi na rafiki yangu tulikuwa kwenye foleni ya Kiingereza, foleni iliyotoka ndani ya jengo, ikazunguka ua wote na kuishia karibu na barabara. Mvua ya Goma haibishi hodi. Ilipomwagika, kila mtu alikimbilia kibaraza alichokiona mbele yake. Changu kilikuwa na mlango, na nyuma ya mlango alikuwepo katibu mmoja, amekaa peke yake anatazama ukuta. Aliponiona alisimama, akanifutia kiti. Sijawahi kuona ofisi nyingine inayomfutia mtu kiti.

"Karibu, mama," akaniambia, mimi niliyekuwa nimemaliza sekondari juzi tu. "Umekuja kwa Kijerumani?"

Nilikuwa nimelowa hadi kwenye mifupa, na kile kiti kilikuwa kikavu. Nikasema ndiyo.

Baba alikuwa Butembo kwa biashara zake, kwa hiyo nilimwambia kwenye simu. Alinitaka nirudie mara mbili, akidhani mtandao ni mbaya.

"Kijerumani," akasema mwishowe. "Hapa Goma. Utakisema na nani?"

"Na profesa, papa."

"Na profesa akikufa?"

Nikamwambia salio linaisha, nikakata.

Darasa letu lote lingeenea ndani ya teksi moja. Profesa mwenyewe alikuwa muzee wa Kinande, kabila letu pia, aliyesoma Ujerumani ujanani akarudi na koti zito la sufu ambalo hakulivua hata jua lilipochoma mawe. Alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa mawili. La kwanza ni ile sauti ya Kijerumani inayokwaruza nyuma ya koo, ambayo alituambia tuitoe kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. La pili ni vineno vitatu: der cha kiume, die cha kike, na das kisicho upande wowote. Kila jina la Kijerumani hutembea na kimojawapo, na hakuna anayeweza kukueleza kwa nini. Mlango ni die. Kiti ni der. Msichana, ambaye wewe ungedhani ana bahati ya kuwa mwanamke, ni das, sawa na dirisha.

Ili tusisahau, profesa alitufundisha kwa mikono. Der, unainua mkono wa kuume. Die, unainua wa kushoto. Das, unashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mwili utakumbuka," alisema, "hata kichwa kikisahau."

Nyumbani ndugu zangu walinicheka hadi walale chini, ndiyo maana nikahamia nyuma ya choo. Pale kulikuwa na nafasi kati ya choo na ukuta wa mawe ya volkano, ukuta mfupi uliotutenganisha na jirani. Kila asubuhi, kabla ya kuchota maji, nilikwenda pale kufanya mazoezi. Nilikwaruza koo: ach, acht, Nacht, doch. Kisha nikapanga majina: mkono juu, mkono mwingine juu, kichwa. Mkono juu, kichwa, kichwa.

Jirani upande wa pili wa ukuta alikuwa mama mmoja wa milima ya Masisi, mpana, mwenye sauti iliyofika barabarani bila kujitahidi. Aliongoza kundi la sala la parokia yetu, na mtaa wote ulimwita Mama Prezidenti. Alikuwa mtu mwema kweli. Ukifiwa, alifika kabla ya ndugu zako. Nami sikujua kwamba kila asubuhi, akiwasha jiko lake la makala, aliona mikono ikipanda na kushuka juu ya ukuta, akasikia mtu anakoroma kama anayekabwa.

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa uani nachambua maharagwe. Nikasikia wimbo unakuja kutoka barabarani. Mama yangu akafungua lango, na kundi zima la sala likaingia, wamama wamevaa kitenge cha rangi moja, Mama Prezidenti mbele na chupa ya maji ya baraka.

"Mama mwenzetu," akamwambia mama yangu, "tumekuja juu ya mutoto."

"Mutoto gani?"

"Ule." Akaninyooshea chupa.

Mama yangu alishtuka, akanitazama tumboni kwanza. Mama Prezidenti akatikisa kichwa, akaeleza alichokiona juu ya ukuta, na kwa kuwa hakupenda kueleza nusunusu, alikionyesha kwa vitendo: mkono, mkono, kichwa, na mkoromo juu yake. Aliukoroma vizuri kuliko mimi. Profesa angefurahi.

"Ni masomo, mama!" nikasema. "Ninasoma Kijerumani!"

"Tunajua unasoma," akanijibu kwa huruma. "Batoto ba hapa bote banasoma. Lakini masomo gani ya kukoroma nyuma ya choo?"

Nikamgeukia mama yangu anitetee. Alijua vizuri ninasoma nini. Lakini kwake Kijerumani kilikuwa kitu cha karatasi, kama jiografia, hakuwahi kufikiri kwamba kina sauti. Nikaona uso wake unaanza kusita. Wamama wakanizunguka. Mikono ikatua kichwani, mabegani, mgongoni, maharagwe yakamwagika. Walisali kwa nguvu, wakimkemea pepo anitoke, nami nilianza kuona kwamba njia ya haraka ni kukubali waombe, wamalize, waende.

Mama Prezidenti akainama usoni pangu. "Hautaki tukuombee?"

Sasa, Wajerumani wana neno moja dogo la kumjibu mtu anayesema hutaki wakati unataka. Profesa alikuwa ametufundisha neno hilo mwaka mzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitumia mahali pake bila kufikiri kwanza. Siku hiyo lilitoka lenyewe, safi, na mwiba wote wa samaki ndani yake.

"Doch!" nikasema.

Nusu ya chupa ilinimwagikia.

Nilipopata upenyo nikakimbilia simu, nikampigia profesa na kumwomba aje. Alikuja kwa pikipiki, koti limefungwa vifungo vyote, na kofia ya dereva kichwani. Laiti angebisha hodi kwa Kiswahili. Lakini aliniona nimelowa katikati ya umati, akapaza sauti kutoka langoni, kwa Kijerumani, akiniuliza kumetokea nini. Na mimi, kwa mazoea ya darasani, nikamjibu kwa Kijerumani.

"Yesu!" wamama wakasema kwa pamoja. "Sasa pepo biko biwili!"

Kundi likagawanyika, nusu kwangu, nusu kwa profesa. Walimwomba avue kofia ili wamwekee mikono, naye, kwa adabu, akavua.

Mama yangu ndiye aliyesimamisha mambo. Anauza vitenge sokoni Virunga, na anajua njia ya kuwakamata watu wawili wanaosema uongo mmoja. Akapiga makofi.

"Tubatenganishe," akasema. "Mutoto ataingia ndani, profesa atabaki nyuma ya jikoni. Tutabauliza bitu bilebile. Kama ni luga, majibu itakuwa moja. Kama ni pepo, kila mutu atakuwa na yake."

Hata profesa alikiri kwamba mtihani huo una akili. Nikawekwa sebuleni na mama mmoja wa kundi, yeye akawekwa nyuma ya jikoni na mwingine. Mama yangu alipita kati yetu akituonyesha mlango, kisha vyombo vyake, tutaje majina, na wale wamama wawili walikwenda kukutana uani kulinganisha walichosikia.

Mlango. "Die Tür," nikasema. Yule mama akatoka mbio, akiyarudia maneno mdomoni kama anabeba maji mkononi. Uani nikasikia kelele za furaha. Yalikuwa sawa.

Kijiko. "Der Löffel." Sawa tena. Wengine wakaanza kupiga vigelegele. Nikajiona nimeshaokoka.

Kisu. Niliinua mkono wa kuume bila kufikiri. "Der Messer!"

Yule mama akatoka mbio tena. Kisha sauti ya Mama Prezidenti: "Huyu amesema der. Ule amesema das."

Nyimbo zikaanza upya. Lakini juu ya nyimbo ilisikika sauti ya profesa, ambaye sikuwahi kumsikia akipiga kelele. "Der? Amesema der?" Akapita katikati ya wamama wote, akaingia sebuleni, akasimama mbele yangu, ameshika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mama," akamwambia Mama Prezidenti bila kuniondolea macho, "huyu hana pepo. Huyu ana uvivu!"

Akawaeleza vile vineno vitatu, na mikono, na kwa nini tunaiinua. Mama Prezidenti alisikiliza hadi mwisho, amekaa kwenye kochi letu, chupa mapajani.

"Basi kisu ni das," akasema polepole.

"Ni das."

"Na kijiko?"

"Der."

"Na uma?"

"Die."

"Juu ya sahani moja?"

"Juu ya sahani moja, mama."

Akawatazama wenzake. Hakuna aliyecheka. "Profesa," akasema, "hata bila pepo, hii ni mateso. Banaishi vile kila siku? Na batoto bao?"

"Tangu kuzaliwa."

"Basi tubaombee."

Wakasimama. Na pale sebuleni kwetu, wamama wa kundi la sala waliwaombea Wajerumani, taifa zima, wapate pumziko na wajue kisu ni nini. Profesa aliinamisha kichwa, na mwishoni akasema Amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mama yangu asingemruhusu mtu kuondoka bila kula. Wamama waliosaidia kuokota maharagwe walibaki, na profesa naye akabaki. Alipokuwa anakula, mama alimuuliza lengalenga inaitwaje kwa Kijerumani. Profesa akaigeuza mboga kwenye sahani yake.

"Sijui," akasema. "Miaka yote niliyokaa kule sikuiona."

Kisha, kwa Kinande, akaanza kutuhadithia. Alisema mwaka wake wa kwanza Ujerumani hakuwa na mtu wa kuongea naye lugha ya nyumbani, hata mmoja. Jioni alifunga mlango wa chumba chake akajisemesha kwa Kinande, akijiuliza habari za mashamba, za ng'ombe, za dada zake, na kujijibu mwenyewe. Jirani yake akagonga ukuta. Siku nyingine akaja mlinzi wa jengo kumuuliza kama ni mgonjwa.

"Ukamujibu nini?" mama akauliza.

"Nilimwambia ni lugha. Akasema sawa, lakini niiseme chini chini."

"Hakukuletea hata batu ba kukuombea?"

"Hapana."

Mama yangu alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akamwongezea profesa lengalenga.

Mtihani wa mdomo wa mwaka ule nilifaulu, si kwa kishindo, lakini nilifaulu, na Mama Prezidenti alitangaza kanisani baada ya misa kama vile mtoto ni wake. Mwaka uliofuata wamama wawili wa lile kundi walimleta kila mmoja binti yake Idara ya Kijerumani, na katibu ikabidi atafute viti vingine. Siku hizi niko mwaka wa mwisho na ninawasaidia kusoma. Mmoja ana sauti nzuri ila anaharakisha mno. Mwingine ameamua kwamba kila kitu ulimwenguni ni die, na nikimsahihisha ananiambia nisubiri, Wajerumani wenyewe watachoka, watakuja kukubaliana naye.