Mbao za Watu Wawili

Nabeti chupa ya pombe kali ya peasi hakuna atakayeniamini: huku kwetu Tirol, mkoa wa milima ya theluji, kulikuwa na mtu mzima wa miaka arobaini hajawahi kukanyaga mbao za kuteleza thelujini. Anaitwa Korbinian, mwoka mikate. Tuliacha shule pamoja tukaanza kukanda unga. Mimi nikatoroka, leo nakodisha mbao, na bonde zima hakuna anayenishinda kupanga bei. Yeye akabaki kwenye tanuri huko mjini. Wenzake wakiteleza, yeye amelala, maana huoka usiku kucha.

Kiangazi kilichopita mkewe alimwacha, akahamia mji mkuu, Vienna, na binti yao Rosalie, wa miaka tisa. Oktoba Korbinian akaja dukani na karatasi ina madoa ya siagi.

"Luis, nataka wiki moja na mtoto. Tujifunze wote. Nina euro elfu moja na mia moja tu."

"Utaanguka mpaka ng'ombe wacheke, mwanangu."

"Nitaanguka naye. We piga hesabu."

Nikapiga. Tiketi ya lifti ya kupandisha watu mlima mzima nikaifuta: mwanafunzi anatosheka na kilima cha watoto. Chakula cha hotelini nikafuta: mwoka mikate ananunuaje mkate? Mwalimu, siku tatu. Halafu nikatoa ujanja wangu mkubwa.

"Wiki ya kwanza ya Februari watu wa Vienna wanajaa na likizo yao ya shule, bei inapaa. Wewe njoo ya pili, likizo yetu sisi. Chumba lipia sasa, hela hairudishwi, ndiyo maana rahisi."

Akabakiwa na euro arobaini. "Za chokoleti ya moto," akasema. Sijamwona akicheka vile tangu harusi yake.

Jumamosi ile ya Februari alipofika, alikuwa peke yake.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kapiga simu jana. Anasema, baba, mimi Jumatatu naingia darasani, likizo yetu ndo inaisha." Akavua kofia. "Nikamwambia hapana, likizo ni wiki ijayo. Akasema, hiyo ni ya Tirol, baba. Mimi nasoma Vienna."

Nikampa mbao zake ndefu; zile fupi za mtoto nikaziacha kwenye rafu.

Wiki nzima alijifunza katikati ya watoto wa miaka minne, akianguka kama gunia. Asubuhi alichukua mbao zake, na zile fupi pia.

"Ziache hapa," nikamwambia.

"Zimeshalipiwa."

Alizisimamisha kwenye theluji chini ya kilima. Kila akiteleza alikuja kusimama pale. Jioni alizirudisha zimefutwa, kavu, vyuma vya ukingoni vinang'aa. Chokoleti hakununua hata moja.

Siku ya mwisho alishuka bila kuanguka. Akageuka kuangalia kama kuna mtu kamwona. Nilikuwa nimetoka mlangoni, nikapunga mkono, lakini hakuwa ananitafuta mimi.

Wiki niliichagua mimi. Nilikosea.