Siku Niliyoongeza Wagonjwa wa Masikio Uvira

Jambo hili niliapa kutolisema mbele ya watu, lakini kwa kuwa Uvira nzima inalijua, heri mlisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni mwandishi wa takwimu kwenye hospitali moja ya hapa. Kila mwisho wa mwezi Mama Nabintu, mkubwa wa wauguzi, ananisomea kwenye rejista magonjwa ya waliolazwa, mimi naandika. Sasa, siku moja nilioga ziwani, maji yakaniingia masikio yote mawili, nikayakausha kwa kijiti cha kiberiti kilichozungushiwa pamba, na tangu hapo watu wakawa wananisemesha kama wako ndani ya debe. Ningeweza kumwambia daktari mkuu (ofisi yake inatazamana na yangu, ni hatua sita), lakini niliona haya, nikaamua yatapona yenyewe, na kwa miezi mitatu nikawa naandika ninachosikia.

Mwezi wa kwanza waliolazwa kwa otite, yaani ugonjwa wa masikio, waliongezeka kidogo, wa pili zaidi, wa tatu mstari wa grafu yangu ukapanda kama njia ya kwenda Bijombo, kule juu milimani. Daktari akaagiza makatoni ya dawa za masikio. Za tumbo hakuagiza, maana kwenye karatasi zangu wenye gastrite, ule ugonjwa wa tumbo, walikuwa wameisha kabisa. Kisha akaitisha mkutano, wakaja wakubwa wa mitaa, mapasta na mabwana wawili kutoka Bukavu, nikaambiwa nieleze.

Nilieleza. Nilikuwa nimevaa koti. Nikasema sababu ni vipaza sauti vya makanisa (mapasta wakaandika), na vumbi la barabara ya Kamanyola.

Mama Nabintu akasimama. "Minye naomba dawa ya tumbo, wananiletea ya masikio. Muzee mumoja wa Luberizi ameniuliza hiyo ainywe ao ajipake kwa kitovu. Hao wa masikio wako wapi? Nilikusomea gastrite. Weye uliandika nini?"

"Otite," nikasema.

"Gastrite!"

"Ndiyo, mama. Otite."

Daktari akaniketisha kwenye kiti mbele ya wageni wote, akachungulia sikio langu kwa kale kataa kake ka kumulikia, akavuta kwa koleo kipande cha pamba nyeusi, akahamia upande wa pili, akavuta kingine.

"Mama, rudilia."

"Gastrite," akasema Mama Nabintu, polepole.

Nikasikia neno zima. Nikasikia pia vicheko vya watu wa nyuma, ambavyo kumbe vilikuwa vimeanza zamani.

Kesho yake nilienda kumuomba msamaha yule mzee wa Luberizi. Alikuwa amelala kiubavu, magoti kifuani. "Siku ine bila dawa ya tumbo, mwanangu," akasema tu, akageukia ukuta.

Tangu hapo, neno lisiponifika vizuri nasema, hata mbele ya mgeni: sijasikia, rudilia. Ni aibu, ndiyo, lakini ni aibu ya dakika moja.