Kofia ya Njano ya Kupandia Berea

Magari yaliyoshushwa bandarini Durban kutoka Japani yalikuwa na harufu ya nyumba iliyofungwa: sigara, sabuni, manukato ya mtu tusiyemjua. Mwaka 2009 nilikuwa na miaka kumi na sita, na kazi yangu ilikuwa kuyasafisha ndani, katika yadi ambako Wakongo wenzetu waliyanunua kuyapeleka nyumbani. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami niliacha shule ili mdogo wangu Baraka, mwenye miaka minane, asome. Lakini Baraka alikataa kwenda.

Shule ilikuwa juu ya kilima cha Berea. Chumba chetu kilikuwa chini, Greyville. Asubuhi ukungu ulipofuka kwenye kilima kile cha magorofa, yeye aliona volkeno. Mama alikuwa amemsimulia jinsi mlima wa Goma ulivyomwaga moto mjini, naye akiwa mgongoni kwake. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamwapia kwamba Berea ni kilima tu. Aling'ang'ania mguu wa kitanda. Mwalimu mkuu akasema asipofika Jumatatu, nafasi yake atapewa mwingine.

Ijumaa, chini ya kiti cha gari jeupe, niliokota kijitabu cha picha za hifadhi ya taifa ya Kirishima, huko Japani. Bahari ya buluu, ufuo wa mawe meusi, na katikati ya ghuba mlima Sakurajima ukitoa moshi. Chini yake watoto walitembea, mabegi mgongoni, kofia ngumu za njano vichwani. Jioni, chumbani, Baraka aliikodolea macho picha hiyo.

"Yaya," aliniita, kama Wakongo tunavyomwita kaka au dada mkubwa, "hawa beko nakwenda wapi?"

"Shuleni."

"Na mlima iko natoa moshi?"

"Iko natoa. Ndiyo maana wamevaa kofia."

Akafikiri. "Basi na mimi unipe."

Tonton Kasongo, msimamizi wa yadi tuliyemwita hivyo kama mjomba, nilipomwomba kofia alicheka hadi akashika mbavu. "Mtoto anaenda shule ao mugodi?" Hata hivyo alitoa kofia yake ngumu ya kazi, ya njano, akaishindilia matambara ndani ili imkae.

Jumatatu tulipanda Berea. Watu walicheka, dereva wa teksi akatupigia honi, Baraka hakugeuka. Langoni aliuachia mkono wangu, akanitazama kichwani, uso ukambadilika.

"Yaya, weye hauna kofia! Rudi mbio!"

Leo Baraka ni fundi umeme, amenizidi kimo, na nikimsimulia haya husema nimetunga. Njaa ya miaka ile sitamani irudi. Lakini mtu akiniuliza nani alinilea mimi niliyekuwa mkubwa bila mkubwa, hukumbuka nilivyoteremka mbio kweli hadi Greyville, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyetaka nifike salama.