Gari Lililomkataa Mama

Gari langu lilikuwa zima kila mahali isipokuwa kwenye mlima wa mama. Nikiwa peke yangu, nilipanda bila kelele. Mama akikaa kiti cha mbele, tukianza tu kuukwea ule mwinuko wa mawe kwenda kwake Ilemela, injini iligonga ka-ka-ka, kama kokoto ndani ya kopo.

"Linanikataa, mwanangu," akasema siku moja. "Mimi mzito."

Nilidhani anatania. Jumapili iliyofuata akagoma kupanda, akasema atasali nyumbani. Mama yangu, mwanakwaya tangu sijazaliwa, asali nyumbani! Nyonga zake haziwezi tena kuteremka yale mawe kwa miguu, na bodaboda anaziogopa. Basi akabaki kule juu, anatazama ziwa kutoka mlangoni, na kwenye simu anadai amechoka tu. Iliniuma sana. Gari nililinunua kwa ajili yake.

Fundi alibadilisha plagi, wapi. Akaanza habari za kushusha injini. Mume wangu akasema tuliuze. Nikamwambia auze lake.

Haya magari yaliyotumika Japani yamejaa maandishi ambayo sisi tumeyafanya mapambo. Langu hata linaongea: nikiwasha, mwanamke ananisemesha Kijapani kwa adabu zote, nami namwitikia, "Marahaba." Ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta nako kulikuwa na stika ya maandishi hayohayo. Siku moja nikiwa kwenye foleni ya mafuta Buhongwa, nikaielekezea simu initafsirie. Ikajibu: tumia petroli ya oktani ya juu.

Nilikuwa naamini oktani ni ukali wa mafuta. Nilipokaa kusoma nikakuta ni uvumilivu: petroli ya oktani ya juu hukubali kubanwa sana bila kulipuka kabla ya wakati wake. Gari la mume wangu halina haja nayo, lingeinywa bure. Langu lina injini ndogo inayobana sana, na likibebeshwa mzigo mlimani ndipo petroli ya kawaida inapolipuka ovyo na kugonga. Mzigo wowote ule. Hata ningepakia mchele lingegonga vilevile.

Si kila kituo kinaiuza. Nilizunguka mjini hadi nikaipata, nikajaza, nikaenda kwa mama.

"Shikamoo mama. Vaa, twende kanisani."

"Marahaba. Na hilo gari?"

"Nimelibadilishia chakula."

Akaja, kwa shingo upande. Kushuka hakukuwa na neno. Wakati wa kurudi, tulipoingia mlimani, nikamtupia jicho: ameshika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono yote miwili, amejiinua, hajagusa kiti. Machozi yalinilengalenga.

"Mama, unafanya nini?"

"Nalipunguzia."

"Kaa, mama. Kaa na uzito wako wote."

Alijishusha taratibu, ametega sikio. Injini ikanguruma kawaida, ikavuta. Tukapita jiwe baada ya jiwe na ile ka-ka-ka haikuja. Mimi nilikuwa natabasamu peke yangu. Yeye aliendelea kusikiliza mpaka nilipozima gari mlangoni kwake.

"Jumapili ijayo," akasema, anarekebisha kilemba, "tupitie Nyegezi tumchukue na dada yangu. Yule ndiye mzito."