Benchi la Bunge Lililokuja Kimumu

Kuna polishi moja ya kizamani ambayo mafundi wengi siku hizi hawana haja nayo. Huchanganywa na spiriti, hupakwa kwa kitambaa kilichofumbatwa kiganjani, na harufu yake hupanda hadi nyuma ya macho. Nikiifungua chupa yake katika karakana yangu, hasa asubuhi zile za Eldoret ambazo baridi haijaamua kuondoka, huwa nasimama kidogo. Wateja hudhani napiga hesabu ya bei. Ukweli ni kwamba niko uani kwetu Kimumu, nina miaka tisa, na nimekaa kwenye benchi la Bunge.

Usicheke, msomaji. Lilikuwa benchi la Bunge kweli, lile la Nairobi, refu la kutosha watu wanne wenye matumbo ya heshima. Lilikuja kwa lori likiwa limefungwa blanketi tatu, na watoto wa mtaa walilifuata kimya wakidhani ni jeneza. Pamoja nalo alikuja Madam Nyambura, mama mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Kazi yake ilikuwa kutunza mambo ya kale ya jengo lile: michongo ya ukutani, milango, picha, na viti vilivyokaliwa na watu ambao sisi tuliwasoma tu shuleni. Alikuwa amemtafuta baba yangu kwa muda mrefu.

Baba alikuwa fundi mbao, mtu wa Kakamega aliyefuata kazi Eldoret akaoa na kukwama huku huku. Lakini kabla ya Eldoret aliwahi kuwa kibarua Nairobi, na alikuwa miongoni mwa vijana waliopiga polishi mabenchi ya Bunge wakati ukumbi ulipokarabatiwa. Walifanya kazi ile miezi kadhaa. Kisha siku ya kufunguliwa ilipofika, waliambiwa watokee mlango wa nyuma mapema, kabla wageni hawajaingia. Baba alisimama ng'ambo ya barabara na kopo lake mkononi, akatazama magari yakiingia. Hakuwahi kuona mtu hata mmoja akikalia kazi yake. Hadithi hiyo aliisimulia kama kichekesho, na mama pekee ndiye ambaye hakuwa akicheka.

Sasa Madam alikuwa amemletea benchi moja kama jaribio. Akilitengeneza vizuri, angeitwa Nairobi kuyashughulikia mengine yote, humo humo ndani ya ukumbi, na angekuwepo wabunge watakaporudi kuyakalia. Sijawahi kumwona baba akitaka kitu namna ile. Alianza kunyoa ndevu kila asubuhi, na aliingia karakanani akiwa na shati la kanisani ndani ya ovaroli.

Siku Madam alipotoa maagizo yake sikuwepo. Nilikuwa nimetumwa maziwa kwa Mzee Korir, mkulima wa Ainabkoi aliyekuwa na ng'ombe wachache kwenye shamba la shemeji yake karibu na kwetu. Nataka ulijue hilo mapema, ili baadaye usinihukumu sana.

Wiki ile yote naikumbuka kama usingizi wa mchana. Nikitoka shule nilijilaza juu ya benchi, shavu kwenye mbao, na jua likapenya katika matundu ya misumari kwenye mabati na kunyoosha nyuzi nyembamba hadi sakafuni. Vumbi la mbao lilielea ndani ya nyuzi hizo bila haraka. Baba alikuwa akisugua taratibu upande wa pili, sh, sh, sh, na mvua ya saa tisa ikianza ilifunika sauti hiyo. Nilitega sikio. Niliamini kwamba maneno yote yaliyowahi kusemwa juu ya benchi lile yalikuwa yamelowa ndani yake, na kwamba nikitulia vya kutosha nitayasikia. Wakati mwingine nililala, nikaota ukumbi mkubwa wenye zulia, na watu wazima wakigombana kwa heshima.

Majirani nao hawakukosa. Kila mmoja aliomba akalie kidogo tu, na kila aliyekalia alibadilika sura. Mzee Korir alikaa na viatu vyake vya mpira, akakohoa, akatoa hotuba ndefu kuhusu barabara ya Ainabkoi mpaka maziwa yake yakaanza kuchacha. Sisi watoto tulimchagua Spika, na Spika alikuwa mimi, na leso ya mama kichwani. Nilimfukuza ndani ya Bunge mtoto wa jirani kwa kosa la kula mahindi choma, akaenda kunishtaki kwa mama yake.

Nikiwa Spika ndipo nilipouona ubao wa miguu. Ulikuwa umepita chini, mbele ya benchi, mahali pa kuegemeza viatu, na wote ulikuwa na vishimo, vingine vidogo kama alama ya kidole gumba, vingine vya kutosha kulaza yai. Baba alikuwa amekaza miguu ya benchi, ameunganisha palipoachana, amepangusa uchafu wa miaka. Ubao ule hakuugusa. Nilidhani hajauona, na nikamwonea aibu.

Lazima nieleze kwetu tulivyolelewa. Jirani akikuletea mboga kwa bakuli, bakuli halirudi tupu. Unaliosha, unaweka ndizi mbili au kikombe cha unga, hata kama ni wiki ya shida. Mama alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Kitu cha watu kinarudi kikiwa na nyongeza, la sivyo umewadharau wenyewe. Na benchi hili lilikuwa la watu wakubwa kuliko jirani yeyote tuliyewahi kuwa naye. Lingerudije Nairobi na vishimo vile?

Jumatano baba alikwenda Kaptagat kutafuta kipande cha mti wa mutarakwa, kilichokauka, cha kuziba ufa kwenye mguu wa benchi, na mama alikuwa sokoni. Nilichanganya gundi na unga wa mbao kama nilivyomwona baba akifanya mara mia. Nikaziba vishimo kimoja kimoja kwa kidole, nikaanika, nikapiga msasa, nikapaka polishi. Nilimaliza nusu ya ubao, na nusu hiyo ilikuwa laini kama shavu la mtoto. Kwa kweli ilikuwa kazi nzuri. Nilikaa mlangoni kumngoja baba anisifu.

Baba alichuchumaa mbele ya benchi na kupitisha kiganja juu ya ubao, kutoka upande wenye vishimo hadi upande wangu. Kiganja kilipofika kwangu kilisimama. Nikadhani amezidiwa na furaha.

Halafu aliniita karibu. Aliniita Mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Hakupandisha sauti. Aliniambia kwamba kule Bunge watu wakifurahishwa na hotuba hawapigi makofi, hupiga miguu chini. Vishimo vile ni miguu ya watu. Kila kimoja ni siku ambayo mtu alisikia jambo likamwinua moyo. Madam alikuwa amemwambia aache kila alama, na zaidi ya zote hizo.

Nililia mpaka Mzee Korir akaingia kuuliza kulikoni. Alipoelezwa hakuona shida yoyote. Nami nilikuwa nimeshaona suluhisho.

"Si tukanyage tena, Baba? Tuite watoto wote."

"Mtoto amesema kweli," Mzee Korir alisema, akitazama viatu vyake. "Fundi, hii ni kazi ya dakika tano. Nani atajua?"

Baba alikuwa bado amechuchumaa. "Hizo zitakuwa zetu, Mzee," alisema. "Haziwezi kuwa zao."

Alijaribu kuichokoa gundi kwa sindano. Alijaribu Alhamisi nzima. Lakini ilikuwa imeshika, na kila ilipobanduka ilibeba mbao, na kingo za vishimo nilikuwa nimeshazila kwa msasa. Jioni aliweka sindano chini akanawa mikono.

Ijumaa Madam alikuja na lori. Alivaa miwani yake, akapitisha mkono mahali pale pale, na mkono wake nao ukasimama. Mimi nilikuwa nyuma ya rundo la mbao, nikingoja jina langu litajwe.

"Fundi, nani amefanya hii?"

"Ni mimi, Madam. Nilijisahau, nikaziba."

"Na tuliongea juu ya hiyo board. Tuliongea sana."

"Tuliongea."

Hakumkaripia. Aliandika kwenye daftari lake, akalipa kazi iliyofanyika, akashukuru kwa chai. Vijana walilifunga benchi blanketi zake tatu, lori likaondoka na sehemu yangu laini ndani yake. Mabenchi mengine yalikwenda kwa fundi mwingine. Mtaani walisema mambo kidogo, kwamba fundi wetu amezeeka, amesahau maagizo, kisha wakachoka. Jumamosi baba aliniita nimshikie ncha ya ubao akikata, jambo ambalo hakuwahi kuniruhusu kabla. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijua tayari amesahau kosa langu.

Kwa miaka mingi niliielewa hadithi hii vibaya. Nilidhani baba alisema "ni mimi" kwa kuwa karakana ilikuwa yake na kosa la karakana ni la mwenyewe. Nilikuwa mtu mzima, na mwanafunzi wangu wa kwanza akiwa ameniharibia mlango wa mteja, niliposikia kinywa changu kikianza kutaja jina lake, ndipo ikanijia kwa uzito wake wote. Yule mtu aliyekataa kudanganya kwa viatu vya Mzee Korir, hata kwa dakika tano, alidanganya mara moja tu, kwa maneno mawili, na maneno hayo yakamfungia mlango wa ukumbi aliokuwa ameusubiri toka ujana wake. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mwaka huu nilimwambia baba. Tulikuwa tumekaa nje, yeye na blanketi magotini, na nikamwomba msamaha kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Nilisema Madam angeelewa tu kama angeambiwa ni mtoto. Nilisema angekwenda Nairobi, angewaona wakikalia.

Alinitazama mikono, si uso.

"Ningesema ni wewe, Mama," alisema, "ungeshika msasa tena?"

Kulikuwa na kabati la watu la kumaliza siku ile, nikainuka, nikaenda kulimaliza.