Profesa Kidosho

Wanafunzi walimwita Mama Chanzo, na jina lilimkaa. Kwa miaka ishirini na miwili aliwafundisha vijana wa kigeni, waliotoka kila pembe ya dunia, Kiingereza cha kuandikia tasnifu za chuo kikuu. Swali lake lilikuwa moja: "Haya umeyatoa wapi?" Ukikosa jibu, umekwisha.

Kitabu cha maana hakikuwepo, basi akajitungia karatasi za mazoezi mpaka zikajaza makabati mawili. Majibu aliyaweka kwenye daftari la bluu lisilotoka mkobani. Na mtego aliutega kwenye karatasi zenyewe: mahali fulani alimnukuu Profesa Kidosho, bingwa wa uandishi. Maktaba yote ungepekua usimwone, maana Kidosho alikuwa paka wake. Mwanafunzi aliyemnukuu bila kumtafuta alirudishiwa insha yenye sifuri, na picha ya paka imebandikwa juu. Walinuna, lakini hawakurudia.

Mkuu wa idara hakuwahi kukanyaga darasa lake. Kazi yake vikao na tai. Siku moja akaziomba zile karatasi, "za kumbukumbu za ofisi tu, dada yangu." Akapewa. Miezi minane baadaye kitabu kikatoka, jalada linang'aa, jina la Mkuu peke yake. Mama Chanzo akakifungua: mifano yake, mazoezi yake, jamani, mpaka vichekesho vyake! Ukurasa wa tisini akamkuta Kidosho, ametulia zake.

Akaenda kumkabili.

"Ulizitengenezea hapa, ni mali ya idara," Mkuu alisema bila hata kuinua macho. "Na mkataba wako mpya huu hapa, unasubiri saini yangu. Jifikirie."

Nyumbani dada yake akamsihi. "Mdogo wangu, meza tu. Umebakiza miaka mitatu ustaafu. Nani atakuajiri na umri huo?"

Hakumeza. Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa, safu za nyuma zote wanafunzi wake. Wakati wa maswali ulipofika akasimama. "Mkuu, ukurasa wa tisini umemnukuu Profesa Kidosho. Haya umeyatoa wapi?"

Huko nyuma wanafunzi wakaziba midomo.

"Aa, Kidosho!" Mkuu akanyoosha tai. "Nimemsoma tangu ujanani. Tuliwahi hata kukutana kwenye kongamano. Mzee mwenye busara sana."

Ukumbi ukalipuka. Wanafunzi walicheka mpaka wakashikana mabega, na mmoja akainua insha yake ya zamani, paka anawatazama wakubwa wa chuo waliokaa mbele. Mama Chanzo hakucheka. Aliwaeleza wale wakubwa kila kitu, neno kwa neno, huku Mkuu akitafuta glasi ya maji.

Kitabu kiliondolewa madukani. Mkuu akapewa onyo, akabaki na kiti chake, na mkataba hakuusaini ng'o. Ndiyo roho yake ilivyo. Mama Chanzo akaondoka na mkoba begani.

Mwezi haujaisha, simu ikaita. "Dada yangu, yaliyopita tuyasahau," Mkuu alisema kwa sauti ya asali. "Mwalimu mpya anayo mazoezi, ila majibu hatuyaoni. Mimi mwenyewe nimejaribu, yananishinda. Wanafunzi wanatuzomea."

"Muulize Profesa Kidosho," Mama Chanzo akasema. "Si mnajuana?"

Akamkatia simu.