Dude la Sura ya Tisa

Nimekwama kwenye lifti za miji mingi, na kwa lugha nyingi nimeambiwa nitulie. Ni mara moja tu niliyotolewa na mtu mwenye haraka kuliko mimi. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mwezi mmoja katika ghorofa ya saba, na asubuhi ya pili, nikishuka kwenda kununua sabuni, lifti ikasita kati ya ghorofa ya tano na ya nne, taa ikazimika. Baada ya robo saa mlango ukasogezwa. Niliona viatu, kisha magoti yenye grisi, kisha uso wa mwanamume wa miaka hamsini hivi aliyechomeka kalamu juu ya sikio. Akanivuta mkono, na kabla sijasimama sawasawa akauliza:

"Pole, ndugu yangu. Taa ilipozimika, ulidhani kuna nini chini yako?"

"Nilikuwa nafikiria sabuni," nikamjibu.

Akashusha pumzi kama mtu aliyekaribishwa chakula akakuta sufuria imeshaoshwa.

Wenzake wanamwita Panda Shuka. Ana miaka ishirini na miwili katika kazi ya kutengeneza lifti, na mitatu katika kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma: kutunga riwaya ya nchi isiyokuwepo. Nchi hiyo imo ndani ya kisima. Watu wake wanaishi kwenye ngazi za mawe zinazozunguka ukuta, wakubwa juu karibu na mwanga, wanyonge chini kwenye unyevu. Chini kabisa kuna dude. Hakuna aliyeliona, ila kila mwaka sauti hutoka gizani ikaita mtu kwa jina lake, naye hushuka asirudi. Mwaka huu ameitwa dada wa msuka kamba mmoja, na msuka kamba huyo, mwanamke mwenye hasira, ameamua kumfuata.

Sura nane anashuka. Sura ya tisa anafika. Na hapo, kwa miezi minane, Panda Shuka alikuwa amekwama bila fundi wa kumtoa.

"Mchapaji wangu ni mke wangu," aliniambia siku hiyo hiyo, tukinywa chai kwenye chumba cha mashine juu ya paa. Mkewe ana duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Wateja wakipungua huchapa sura za mumewe, na hachapi asichokiamini. "Nilimpelekea joka. Akasema, 'Baba Pacha, joka hili nimeshakutana nalo, limebadilisha shati tu.' Nikampelekea jitu lenye macho mia. Akaniuliza, likiumwa macho linamalizaje foleni ya daktari?"

Alikuwa akicheka, lakini hakuweza kukaa. Alipiga funda moja, akainuka, akagusa breki ya mashine, akarudi, akainuka tena. Siku zake za mapumziko alikuwa amezimaliza akilisaka hilo dude. Alikwenda kuangalia mamba wa kufugwa. Wamelala kama magogo, alisema, hata aibu hawana. Alipanda mabasi hadi mwisho wa njia na kurudi nayo. Alijibanza kwenye pango la popo, akatoka na mafua. Mwishowe akaanza kuwauliza watu anaowatoa kwenye lifti. Mtu aliyekaa gizani huwa ameshajitungia kitu. Ukimuwahi kabla hajaona jua, anakupa. Kwenye daftari lake alikuwemo karani aliyesikia maji yakipanda, na mwalimu wa hesabu aliyekuwa na hakika kwamba lifti inakwenda pembeni.

"Vizuri, lakini ni vipande," alisema. "Na Mama Pacha amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikileta tena sura ya tisa mbovu, anafunga faili. Si kwa ubaya. Anasema nyumbani ninatembea kama mtu anayetafuta choo."

Jumanne iliyofuata nilimkuta kwenye ngazi za ghorofa ya sita, ameketi. Sikuwahi kumwona ameketi.

"Nimefanya jambo," akasema.

Mshonaji wa ghorofa hiyo alikuwa amekwama na robota lake la vitambaa. Panda Shuka aliwahi kufika, ufunguo mkononi, akamsikia kupitia mlangoni. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akizungumza na kitu kilichokuwa chini yake, anakiwekea masharti: kikimwachia, atakishonea koti. Akakiuliza mabega yake yana upana gani, mikono mingapi, kinapendelea vifungo au zipu.

"Miezi minane sijasikia kitu kama hicho. Nikachukua kalamu. Nikasema, sentensi moja tu, kisha nafungua."

"Ulikaa muda gani?"

"Dakika kumi na moja. Mwishoni sauti ilikuwa inatetemeka, na mimi nikaandika kwamba inatetemeka."

Mshonaji alipotolewa alitazama ufunguo, akatazama daftari, akapita bila neno. Hakushtaki popote. "Angenitukana ningepumzika," alisema Panda Shuka. Sura ya tisa ilikuwa mfukoni mwake, imekamilika, tena nzuri, na miguu ilikataa kumpeleka kwa mkewe. Ghafla akainuka. "Twende wote. Mgeni hafukuzwi mlangoni."

Mshonaji, mama wa makamo, alikuwa kwenye cherehani, futi shingoni, pini mdomoni. Alizitoa moja moja kabla ya kusema.

"Karibuni. Fundi, leo umegonga mlango. Kumbe unajua."

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Nilikusikia ukipumua. Nikasikia na karatasi ikigeuzwa. Nikasema, huyu ama ni panya msomi, ama ni mtu." Aliweka mkasi chini. "Nilianza kuzungumza nikijua niko peke yangu. Nilipojua kuna mtu nikaendelea, maana niliogopa nikinyamaza utaondoka."

Panda Shuka alitoa karatasi zake. "Ndiyo haya niliyoandika. Ukisema nichane, nachana hapa hapa."

"Soma kwanza."

Alisoma amesimama, anahama mguu hadi mguu. Dude lake lilikuwa na mabega manne, na lilikuwa linaona baridi. Alipofika kwenye habari za vifungo, mshonaji alicheka, mara moja tu. Alipomaliza, mama yule alikunja kitambaa kilichokuwa mapajani.

"Koti nakupa, lichukue. Lakini dude silo hili. Hili ni mteja. Kwanza niliogopa kilichokuwa chini, ndiyo. Baadaye nikamwogopa aliye mlangoni, mwenye ufunguo, anayesikiliza."

Panda Shuka alikunja karatasi zake.

"Kikulacho ki nguoni mwako, fundi," alisema mshonaji, akirudisha pini mdomoni. "Mimi nashona nguo, najua."

Cherehani ikaanza tena kulia. Ndipo Panda Shuka akasafisha koo.

"Mama, maneno hayo, naweza kuyaandika?"

"Leo umeomba," alijibu kwa pembe ya mdomo. "Andika."

Siku ya mwisho ya mwezi nilikwenda kwa Mama Pacha kutoa nakala za pasipoti yangu, nikamkuta akichapa, mumewe akipimapima urefu wa duka kwa hatua. Alichapa bila kuuliza swali. Katika sura mpya, msuka kamba anafika chini asikute joka wala jitu. Anakuta mlango. Nyuma ya mlango zinasikika sauti za wote walioitwa, na ya dada yake ikiwemo. Mbele yake, kwenye kigoda, ameketi mtu wa kawaida, ufunguo mapajani, sikio limegandamana na ubao.

Mama Pacha alichapa nukta ya mwisho, akavua miwani.

"Baba Pacha, mtu huyu namjua."

"Hata mimi."

"Anafungua?"

Simu ya kazini ikalia. Panda Shuka alisikiliza, akasema, "Mwambieni asiogope, nakuja," akakwapua begi la vifaa. Alikuwa ameshavuka barabara mkewe alipomwita, "Daftari lako!" Hakugeuka. Daftari lilibaki juu ya mashine ya fotokopi, kalamu ndani yake.

Mama Pacha alilitazama, akautazama mlango uliokuwa ukipepea.

"Atafungua," alisema, akalisogeza daftari kando ili apate kuinua kifuniko. "Haya, shemeji, nakala ngapi?"